Tuanze na Lenzi Tuliyo Nayo

Msimu wa kunde uliopita tulifanya kosa ambalo hatukulijua mpaka tulipoliona kwenye simu. Matuta yetu nyuma ya jiko yalikuwa yamevamiwa na vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaojazana kwenye ncha changa za mmea mpaka majani yanajikunja. Katikati yao tukaona wadudu wa aina nyingine: warefu kidogo, weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, wana miguu sita na mgongo wa mikunjo kama mamba mdogo. Sura yao haikutupendeza. Tukaamua kwamba hao ndio wakubwa wa vidukari, tukawatoa kwa mkono mmoja mmoja na kuwaponda kwa kandambili. Kazi hiyo ilituchukua jioni mbili. Wiki iliyofuata vidukari walikuwa wengi kuliko mwanzo.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja wa kigango jirani, fundi saa aliyestaafu. Alikuja kumsalimia mjukuu wake anayesoma hapa, akatukuta tunabishana kwenye matuta. Akatoa mfukoni lupu yake, ile lenzi ndogo ambayo mafundi saa huibana jichoni ili waone meno ya magurudumu.

"Mafrateri, shikeni hii," alisema. "Mimi sijawahi kufungua saa ya mtu kabla ya kuiangalia."

Mmoja wetu akaishikilia lupu mbele ya kamera ya simu, akamsogelea mdudu mmoja aliyebaki, akapiga picha kama kumi na tano. Kumi na nne zilikuwa ukungu mtupu. Katika ile moja iliyofaulu, yule "mkubwa wa vidukari" alikuwa na kidukari mdomoni, anamla.

Tulikwenda maktaba, tukaifananisha picha yetu na michoro ya kitabu cha kilimo. Alikuwa mtoto wa yule mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, ambaye kila mkulima humfurahia akimwona. Mtoto hafanani hata kidogo na mzazi wake, ndiyo maana watu wengi humuua. Mmoja tu hula vidukari kwa mamia kabla hajakomaa. Kwa jioni mbili tulikuwa tumewaua walinzi wa shamba letu, na kwa bidii.

Tangu siku ile tumekuwa tukipiga picha za wadudu kwa karibu, na leo tunataka kuwashawishi waseminari wenzetu na waumini wa parokia zetu nao waanze. Hoja yetu ni moja: lenzi ya kuanzia iko tayari nyumbani kwako au kwa fundi wa jirani, na kumtazama mdudu kabla ya kumhukumu ni wajibu wa kila anayelima. Anayesubiri mpaka apate kamera ya gharama ataendelea kuponda asichokijua.

Lenzi zilizotupwa

Tuanze na simu, kwa kuwa karibu kila nyumba ina moja. Kamera ya simu haioni vizuri kitu kilicho karibu mno. Ukiweka mbele yake lenzi nyingine ya kukuza, inaweza kukaribia. Lupu inayokuza mara 10 huona vizuri kwa umbali wa sentimita 2.5 hivi, nao unatosha kumpiga picha kiwavi au mbawakawa asiye na wasiwasi. Huna lupu? Lenzi ya kutazamia ya darubini iliyovunjika hufaa. Kioo cha kukuzia cha maabara ya shule hufaa pia, ingawa hakikuzi sana. Hata ndani ya deki mbovu ya CD au DVD, mahali diski inaposomwa, kuna lenzi ndogo ya plastiki kama punje ya mtama. Hiyo hukuza sana, lakini hukulazimisha usogee mpaka karibu uguse, kwa hiyo ni ya mbawa iliyoanguka au mdudu uliyemkuta ameshakufa dirishani. Usiitoe katika mashine iliyo kwenye umeme, wala usiwashe mashine iliyofunguliwa, maana mwanga wa leza huumiza macho.

Kuifunga lenzi kwenye simu hakuhitaji ufundi. Sisi tulitumia kibanio cha nguo tulichokitoboa, na mpira wa kufungia noti. Jambo la lazima ni lenzi ikae sawasawa katikati ya kamera, kwani ikienda pembeni kidogo tu, nusu ya picha huwa giza. Simu nyingi za sasa zina kamera mbili au tatu nyuma, nazo hubadilishana zenyewe zinapokaribia kitu. Funika moja moja kwa kidole ujue ipi inafanya kazi kabla hujafunga lenzi yako. Wengine huweka tone la maji liwe lenzi. Jaribio hilo hufurahisha, lakini liweke juu ya kipande cha plastiki angavu, usilimwagie simu.

Kuna parokia na shule zenye kamera ya kubadilisha lenzi, iliyonunuliwa kwa ajili ya sherehe za upadirisho na harusi. Hiyo inaweza zaidi. Chukua lenzi ya zamani ya milimita 50, ile ya kamera za filamu, igeuze nyuma mbele, uishikilie kwenye mdomo wa kamera. Itakuonyesha mdudu karibu kwa ukubwa wake halisi juu ya sensa, jambo ambalo lenzi hiyo ikikaa kawaida haiwezi. Lenzi ya milimita 28 ikigeuzwa hukuza karibu mara mbili ya ukubwa halisi. Hapa mazoea yetu hupinduka: katika picha za kawaida lenzi fupi huleta mandhari pana, lakini ikigeuzwa, kadiri ilivyo fupi ndivyo inavyokuza. Ukitaka kuacha kuishikilia kwa mkono, zipo pete za kuunganishia zinazouzwa. Fundi mwenye gundi nzuri pia anaweza kukutengenezea moja kwa kutoboa kifuniko cha kamera.

Chagua lenzi yenye pete ya kubadilishia tundu kwa mkono, kwa sababu lenzi iliyogeuzwa haizungumzi tena na kamera. Kumbuka pia kwamba kioo chake cha nyuma sasa kinatazama nje, kwenye miiba na vumbi. Usibadilishe lenzi penye upepo. Kama kamera ni ya parokia, omba ruhusa kwanza, tena mweleze mwenye dhamana yake hatari zote hizo. Sisi tuliomba, tukanyimwa, tukaomba tena baada ya kuonyesha picha za simu.

Njia ya tatu ni kuisogeza lenzi mbele, mbali na kamera, kwa bomba la boksi gumu au la plastiki lililopakwa rangi nyeusi ndani. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa bomba kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Bomba la milimita 25 na lenzi ya milimita 50 hutoa nusu ya ukubwa halisi. Bomba la milimita 50 na lenzi hiyo hiyo hutoa ukubwa halisi wenyewe. Ila kila kitu kina gharama yake. Ukifika ukubwa halisi, mwanga unaofika kwenye sensa hupungua mpaka robo, kwa hiyo lazima uongeze mwanga.

Mwanga, viwiko na asubuhi

Wengi wanaokata tamaa hushindwa kwa sababu ya mwanga na mtikisiko, halafu wakailaumu lenzi. Jua la saa sita humfanya mbawakawa ang'ae kama bati, usione rangi yake. Kata karatasi nyeupe au boksi la maziwa, ulishike kati ya jua na mdudu, mwanga utalainika. Upande wa kivuli weka karatasi ya fedha ya kufungia chakula, irudishe mwanga kidogo. Kama kamera ina flashi, ifunike kwa karatasi hiyo hiyo nyeupe. Flashi ina faida nyingine: mwako wake ni mfupi sana, hivyo husimamisha mtikisiko wa mkono na wa jani.

Ukikuza mpaka ukubwa halisi, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba kuliko milimita moja. Jicho likiwa wazi, mkia ni ukungu. Kwa hiyo usihangaike kuzungusha pete ya lenzi. Iache ilipo, kisha usogee wewe mwenyewe mbele na nyuma, polepole, viwiko vimeegemea magoti au ardhi, ukipiga picha jicho linapotokea. Shika shina la mmea kwa mkono wa kushoto na uegemeze lenzi juu ya mkono huo huo. Mmea, mdudu na kamera vitayumba pamoja, kana kwamba havikuyumba. Ukitaka mwili mzima uonekane, mpige kwa ubavu, mwili wake ukiwa sambamba na lenzi. Usihesabu picha zilizoharibika. Moja kati ya ishirini ni mavuno mazuri.

Wakati bora ni alfajiri, kabla au mara baada ya Misa ya asubuhi. Joto la mwili wa mdudu hufuata joto la mahali alipo, kwa hiyo baridi ya asubuhi humfanya awe mzito. Kerengende anayeruka kama mshale saa nne, saa kumi na mbili na nusu huwa amekaa juu ya jani, mbawa zimejaa umande, akikuacha umkaribie. Njoo kutoka chini au ubavuni, usimwangushie kivuli. Nyuki, nyigu na siafu watazamwe wakiwa kwenye ua au njiani, wala si kwenye makazi yao.

Asiuawe kwa ajili ya picha

Hapa tunajua tutatofautiana na baadhi ya wapiga picha. Wapo wanaomweka mdudu kwenye jokofu ili apoe, au wanaompulizia dawa kidogo ili asiende. Wengine humgundisha kwenye kijiti wakampanga kama sanamu, kisha wakatuonyesha picha wakisema walimkuta hivyo. Picha ya namna hiyo huweza kupendeza sana. Sisi tunasema isipigwe. Kwanza ni uongo, na anayeitazama hujifunza kitu kisichokuwepo: mdudu amekaa mahali asipokaa, kwa namna asiyokaa. Pili, tulianza shughuli hii kwa sababu tuliua bila kujua. Haitatufaa sasa kuua tukijua, tena kwa ajili ya mapambo.

Mtaalamu anayekusanya wadudu kwa ajili ya utafiti ana sababu zake na kanuni zake, naye hatumzungumzii. Tunamzungumzia mwanafunzi mwenye simu. Asiyetulia leo atatulia kesho alfajiri. Kama hakutulia kabisa, basi picha hiyo hatukupewa.

"Mchezo wa wenye nafasi"

Tumesikia pingamizi mbili. Ya kwanza hutoka kwa wenzetu: mseminari ana falsafa, ana teolojia, ana kazi za mikono, huu muda wa kuchutama mbele ya sisimizi anautoa wapi? Tunajibu kwamba muda wenyewe ni dakika ishirini za asubuhi katika bustani ambayo tunatakiwa kuihudumia hata hivyo. Tena hatutakuwa wa kwanza. Padre Erich Wasmann, Mjesuiti aliyezaliwa 1859 na kufariki 1931, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza sisimizi, mchwa na wadudu wengine wanaoishi kama wageni ndani ya makazi yao. Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Na hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa 2015, namba 34, aliwataja wadudu kwa jina pamoja na minyoo na kuvu, kati ya viumbe visivyoonekana kwa urahisi ambavyo mazingira hayawezi kwenda vizuri bila hivyo. Ni vigumu kulihubiri hilo kijijini kwa moyo wote wakati hujawahi kuutazama uso wa hata mmoja wao.

Pingamizi la pili ni la mafundi wa picha: lenzi za kuokoteza hutoa picha mbaya. Wana sehemu ya ukweli. Pembe za picha za lupu yetu zimevutika, na rangi ya zambarau hujitokeza kwenye kingo. Lenzi halisi ya picha za karibu ingetupa picha safi zaidi na kazi nyepesi zaidi, na mwenye uwezo akinunua hatumlaumu. Lakini anayeanza hajui bado kama anahitaji kukuza kidogo au sana, wala kama ataipenda kazi yenyewe, na lenzi iliyookotwa itamjulisha hayo bure. Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa ambaye hakupita chuo kikuu. Alijitengenezea lenzi ndogo kwa mikono yake, akazibana kati ya vibati viwili, na kuanzia 1673 barua zake zikawa zinasomwa na wataalamu wa Royal Society kule London. Lenzi moja ndogo kila mara, na uvumilivu.

Tukubali pia kwamba picha haimalizi kila swali. Kuna wadudu ambao hata mtaalamu hawezi kuwatofautisha bila hadubini. Picha nzuri huongeza uwezekano wa kupata jibu. Jibu lenyewe mara nyingi liko kwa afisa ugani.

Mahindi na maboga ya jumuiya

Turudi shambani, maana ndiko jambo hili linakogusa mfuko wa mtu. Viwavijeshi vamizi, wenye asili ya Amerika, waligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa tayari wameingia Afrika Mashariki. Kiwavi mkubwa wa aina hiyo ana alama kichwani inayofanana na herufi Y iliyogeuzwa chini juu, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Mzee asiyeona vizuri hawezi kuziona alama hizo kiganjani mwake. Kwenye picha ya simu yenye lupu, mjukuu wake anaziona na kumwonyesha, kisha anaituma kwa afisa ugani jioni ile ile, kabla nusu ya shamba haijaliwa.

Kwenye maboga mambo ni kinyume cha yale ya kunde zetu. Kuna mbawakawa wanaofanana sana na yule rafiki mwenye madoa, lakini hao hula majani. Ukikuza picha utaona mgongo wao haung'ai. Umefunikwa na vinyweleo vifupi, na watoto wao wana miiba yenye matawi mwili mzima. Anayewaacha akidhani ni walinzi atapoteza maboga, na anayewapulizia wote dawa, rafiki na adui, atabaki na vidukari wasio na wa kuwala. Kwa jicho tupu wamefanana. Dawa inagharimu fedha, inaingia kisimani, na inarudi kwenye mboga tunazokula. Ni haki kumtaka mtu atazame kabla ya kujaza bomba.

Tunapendekeza basi jambo dogo. Kila jumuiya ndogo ndogo inayolima iwe na lupu moja na kijana mmoja aliyefundishwa kuifunga kwenye simu. Kila seminari na shule yenye bustani iwe na daftari la picha za wadudu wake, zenye tarehe na jina la mmea walipokutwa. Hata picha za ukungu zisifutwe mwezi wa kwanza, maana kwa hizo mtu huona anavyoendelea. Sisi tuko tayari kufundisha katika likizo ijayo, katika parokia yoyote itakayotuita, na vibanio vya nguo tutakuja navyo.

Mzee wetu fundi saa hakutudai lupu yake. Tulipomrudishia Jumapili iliyofuata pamoja na picha tuliyoichapisha, aliitazama picha kwa muda mrefu, akairudisha lupu mikononi mwetu, akauliza kama tunaye na yule anayekula mchicha wake. Hatukuwa naye. Kesho alfajiri tutakwenda kumtafuta.